Unapohakiki Kiraka cha Kumbukumbu, Soma Yasiyoguswa

Kiraka kinachogusa usimamizi wa kumbukumbu katika keneli ya Linux mara nyingi huwa kifupi: mistari michache imeondolewa, mingine michache imeongezwa, na juu yake kuna maelezo ya aya moja au mbili. Anayeanza kuhakiki huisoma mistari hiyo mmoja baada ya mwingine, huona kila mmoja una mantiki yake, kisha huandika kwamba ameridhika. Kwenye sehemu nyingine za keneli njia hiyo inaweza kukufaa. Kwenye kumbukumbu haitoshi hata kidogo. Mistari iliyobadilika ni sehemu ndogo ya kazi yako. Sehemu kubwa ni kujua mistari ambayo haikuguswa ilikuwa ikitegemea nini, na kama tegemeo hilo litakuwepo bado kiraka kikishaingia.

Ukurasa mmoja wa kumbukumbu, ambao kwenye kompyuta za x86 una baiti 4096, unaweza kuwa mikononi mwa wengi kwa wakati mmoja. Michakato miwili inasoma faili lile lile kupitia ukurasa huo; kifaa kinaandika data humo moja kwa moja bila kupitia kwenye prosesa; na uzi wa keneli unaotafuta kurasa za kuondoa unaukaribia kwa sababu nafasi imebana. Kila mmoja anaufikia kwa njia yake na kwa kufuli lake. Makubaliano kati yao, yaani nani ashike kufuli gani, nani aongeze hesabu ya marejeo, nani awe wa mwisho kuuachilia, yameandikwa kwa sehemu tu kwenye msimbo. Sehemu nyingine imo vichwani mwa watu walioishi na msimbo huo miaka mingi. Kompaila hailijui hata moja kati ya makubaliano hayo. Mhakiki ndiye anayetakiwa kuyajua.

Tazama kilichotokea kwenye toleo la 6.1 la Linux, lililotoka Desemba 2022. Toleo hilo lilibadilisha muundo wa data unaotunza maeneo ya kumbukumbu ya kila mchakato: mti wa zamani wa nyekundu na nyeusi ukaondoka, ukaja mti wa aina mpya uitwao maple. Sasa fikiria staki ya programu inapohitaji kukua. Keneli huusogeza mpaka wa eneo la staki, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa huku kufuli la mmap likiwa limeshikwa kwa kusoma tu. Kwenye mti wa zamani hilo lilikuwa salama, kwa sababu kusogeza mpaka kulimaanisha kubadilisha namba ndani ya kitu ambacho tayari kipo. Mti wenyewe haukuguswa. Mti mpya unafanya kazi tofauti. Mpaka ukisogea, nodi nzima inaweza kubadilishwa kwa nodi mpya, na ile ya zamani ikapangiwa kuachiliwa baadaye. Msomaji mwingine aliyekuwa bado ameishika nodi ya zamani akajikuta anasoma kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Hitilafu hiyo ilitangazwa mwaka 2023 kwa jina la StackRot, namba yake CVE-2023-3269, na Linus Torvalds mwenyewe ndiye aliyeongoza kuirekebisha, kwa kulazimisha kufuli lishikwe kwa kuandika kabla staki haijapanuliwa.

Angalia kasoro ilikokaa. Kanuni ya kupanua staki kwa kufuli la kusoma ilikuwa sahihi ilipoandikwa. Mti mpya nao ulikuwa na kanuni zake zinazojitosheleza. Kilichovunjika ni makubaliano baina ya viwili hivyo, na makubaliano hayo hayakuandikwa kwenye mstari wowote ambao mhakiki angeuona akisoma mabadiliko peke yake.

Kwa hiyo, kabla hujaanza kupima kama mistari mipya ni sahihi, fungua mti mzima wa msimbo na utafute wote wanaoiita fanksheni iliyobadilishwa. Mpitie kila mwitaji na uandike pembeni: anafika hapa akiwa ameshika makufuli gani, anatarajia nini kwenye matokeo, anafanya nini na kielekezi anachopewa baada ya kufuli kuachiwa. Kazi hii inachosha na inachukua muda mrefu kuliko kusoma kiraka chenyewe, na hakuna njia ya mkato ninayoweza kukushauri. Ukikuta kanuni ambayo haijaandikwa popote, mwombe mwandishi aiandike ndani ya msimbo kwa namna ambayo mashine itaikagua. Keneli ina zana za kufanya hivyo: mmap_assert_write_locked kwa kufuli la mmap, na lockdep_assert_held kwa makufuli mengine. Mstari mmoja wa namna hiyo unamlinda mtu atakayekuja kubadilisha msimbo huo miaka kumi baadaye bila kukufahamu wewe wala mwandishi.

Jambo la pili, na ndilo ninaloliona likiwaangusha hata watu wenye uzoefu, ni wakati. Msimbo tunausoma kutoka juu kwenda chini, na macho yanatuaminisha kwamba unatendeka hivyo hivyo. Kwenye mashine yenye prosesa nyingi, kati ya mstari mmoja na unaofuata dunia nzima inaweza kubadilika.

Dirty COW, yaani CVE-2016-5195, ilikaa ndani ya Linux miaka mingi hadi ilipogunduliwa Oktoba 2016. Programu inapoingiza kwenye kumbukumbu yake, kwa njia ya faragha, faili ambalo haina ruhusa ya kuliandika, kisha ikajaribu kuandika kwenye kumbukumbu hiyo kupitia /proc/self/mem, keneli hutengeneza kwanza nakala ya ukurasa ili maandishi yaende kwenye nakala, faili lenyewe libaki lilivyo. Msimbo ulifanya hivyo kwa hatua: unatengeneza nakala, unaondoa alama inayosema kwamba tunataka kuandika, kisha unarudi kuutafuta ukurasa upya. Katika upenyo huo mdogo uzi mwingine wa programu hiyo hiyo uliweza kuita madvise na kuitupa nakala. Keneli iliporudi kutafuta, ikiwa imekwisha kuiondoa alama ya kuandika, ilipewa ukurasa halisi wa faili na ikauandika. Mtumiaji wa kawaida akawa anaweza kubadilisha mafaili ya mfumo na kujipa mamlaka yote ya kompyuta. Simu za Android nazo ziliathirika, kwa kuwa zinaendeshwa na keneli hii hii.

Linus alieleza wakati huo kwamba alikuwa amejaribu kuiziba kasoro hii miaka kumi na mmoja kabla, na rekebisho lile likaondolewa baadaye kwa sababu ya matatizo kwenye kompyuta za s390. Wajuzi walikuwa wameiona. Walichokosa ni mtu wa kuuliza, siku rekebisho lilipoondolewa, ni nini kingine kilichokuwa kimeegemea juu yake.

Njia ninayopendekeza ni ya karatasi na kalamu. Chora safu mbili. Kushoto weka hatua za msimbo unaohakikiwa, na kulia weka uzi mwingine wowote wenye nia mbaya. Kila mahali kufuli linapoachiwa na kushikwa tena, simama. Jiulize kama wa kulia angeweza kuliondoa eneo hilo la kumbukumbu, kulikata faili, kuita fork, kuhamisha ukurasa kwenda mahali pengine, au kuuondoa kwa ajili ya kupata nafasi. Chochote ulichokijua kabla ya kufuli kuachiwa hakina uhakika tena: kielekezi kinaweza kuwa kinaelekeza kwenye kitu kingine, ukurasa unaweza kuwa na mwenyewe mpya. Msimbo ulio sahihi hukagua upya. Ukiona haukagui, usimwambie mwandishi kwamba una wasiwasi wa jumla. Mwandikie hatua za safu zote mbili kwa mpangilio wake, kwa sababu maelezo ya namna hiyo yanajibika na wasiwasi haujibiki.

Dirty COW ina sehemu ya pili inayosahauliwa. Rekebisho la 2016 liliongeza alama mpya na kukagua kama ukurasa umechafuliwa, yaani umekwisha kuandikwa, ishara kwamba nakala ilitengenezwa kweli. Kwa kurasa za kawaida ilitosha. Kwa kurasa kubwa za MB 2, msimbo mwingine uliweza kuubandika ukurasa alama ya kuchafuliwa hata pale ulipokuwa unasomwa tu, na mwaka 2017 ikabidi rekebisho lenyewe lirekebishwe chini ya CVE-2017-1000405. Kwa hiyo usiridhike kiraka kinapofanya kazi kwa ukurasa mmoja mdogo. Uliza kuhusu kurasa kubwa, kuhusu ukurasa wa sifuri ambao michakato yote inaushiriki, kuhusu kumbukumbu iliyohamishiwa kwenye diski. Uliza pia kuhusu ARM64, ambako ukurasa wa msingi unaweza kuwa wa KB 4, 16 au 64. Anayeandika 4096 kama namba badala ya PAGE_SIZE atawaangusha watumiaji ambao hajui hata kwamba wapo.

Kuna mahali pengine ambapo mpangilio wa hatua una uzito wa pekee, napo ni pale jedwali la kurasa linapobadilishwa. Prosesa haisomi jedwali hilo kila mara. Hujiwekea tafsiri za anwani za karibuni kwenye hifadhi yake ya ndani iitwayo TLB, na kulifuta ingizo kwenye jedwali hakuifuti nakala iliyomo humo. Ni kama mgeni wa gesti aliyerudisha ufunguo mapokezi huku mwenzake akiwa na nakala mfukoni: ukimpangisha mwingine chumba hicho kabla ya kubadilisha kitasa, kuna mtu anaweza kuingia usiku. Wito wa mfumo uitwao mremap, unaohamisha eneo la kumbukumbu kutoka anwani moja kwenda nyingine, ulikuwa na tatizo hilo tangu toleo la 3.2. Ulikuwa ukiyaachia makufuli ya jedwali kwanza, ndipo ukasafisha TLB. Katikati hapo uzi mwingine uliweza kulikata faili kwa ftruncate, ukurasa ukarudishwa kwenye ghala la keneli na kupewa mwingine, na prosesa yenye tafsiri ya zamani ikaendelea kuufikia. Mtafiti wa usalama Jann Horn aliibainisha mwaka 2018, ikaitwa CVE-2018-18281, na tiba yake ilikuwa kuihamisha hatua ya kusafisha iwe kabla ya kufuli kuachiwa. Unapohakiki kiraka chochote kinachoondoa au kuhamisha maingizo ya jedwali, weka kidole kwenye mstari wa kusafisha TLB na kingine kwenye mstari ambao ukurasa unaweza kuachiliwa kwa mara ya kwanza na yeyote. Wa kwanza lazima utangulie, kwenye kila njia, ikiwemo ile ya makosa.

Mwandishi akiwa amepunguza usafishaji wa TLB ili kuongeza kasi, ongeza muda wako wa kusoma mara mbili. Usafishaji ni ghali, vishawishi vya kuuahirisha ni vingi, na hitilafu zake hazionekani kwenye majaribio ya kawaida.

Kuhusu kuomba kumbukumbu yenyewe, jambo la kwanza la kuangalia ni mazingira ya ombi. GFP_KERNEL inaruhusu uzi ulale ukisubiri nafasi ipatikane, kwa hiyo haitumiki ndani ya spinloki wala wakati prosesa imekatizwa na kifaa; huko hutumika GFP_ATOMIC, ambayo inaweza kukosa. Hilo wengi wanalijua. Linalopita kimya ni ombi linalofanywa ndani ya mfumo wa mafaili. Nafasi ikikosekana, keneli huanza kuondoa kurasa, na ili kuziondoa inaweza kuurudia mfumo ule ule wa mafaili, ambao unahitaji kufuli lililokwisha kushikwa na aliyeomba. Mashine inaganda. GFP_NOFS ipo kwa ajili hiyo, na siku hizi inapendelewa zaidi kuizungushia sehemu nzima ya msimbo memalloc_nofs_save na memalloc_nofs_restore kuliko kutawanya alama kwenye kila ombi. Mwandishi akitumia mojawapo, mwambie aeleze kwa maandishi ni kufuli gani analolihofia.

Sasa njia za makosa. Maombi madogo, hadi kurasa 8 zinazofuatana, kwa kawaida keneli huyarudia tena na tena badala ya kuyakataa, hivyo msimbo wa kushughulikia kukosa kumbukumbu karibu hautendeki kamwe kwenye maisha ya kila siku. Unaweza kukaa miaka ukiwa umeoza bila mtu kujua. Usome kinyumenyume: anza na lebo ya mwisho ya goto, panda juu, na kwa kila kitu kilichoshikwa au kuombwa hakikisha kinaachiliwa mara moja tu, kwa mpangilio uliogeuzwa. Ukiweza, washa failslab, zana inayolazimisha maombi yakosekane, uione njia hiyo ikitendeka kwa macho yako.

Viraka vidogo vinavyosema vinaziba uvujaji kwenye njia ya makosa vinahitaji uangalifu kuliko ukubwa wao unavyoonyesha. Kuongeza kfree mahali ambapo mwitaji naye ataachilia ni kuondoa uvujaji mdogo na kuleta kumbukumbu inayotumika baada ya kuachiliwa, kitu ambacho mshambuliaji anaweza kukijengea. Aprili 2021 ilizuka kashfa kubwa baada ya kujulikana kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wametuma kwa makusudi viraka vya mtindo huo, vinavyoonekana kama marekebisho madogo, ili kupima kama wahakiki watagundua. Mtunzaji wa keneli Greg Kroah-Hartman alikizuia chuo hicho kuchangia. Mimi naona walikosea kwa kuwafanyia watu majaribio bila ridhaa yao. Hata hivyo, walichagua mahali hapo kwa sababu uhakiki wetu hapo ni dhaifu, na jambo hilo lisipotuhangaisha hatutendi haki kwa wanaotutegemea.

Hesabu za ukubwa zisikuchukulie muda mwingi: panapozidishwa idadi kwa ukubwa dai kmalloc_array au struct_size, ambazo hukagua kama jibu limezidi uwezo wa namba. Vihesabio vinataka fikra zaidi. Kihesabio cha kawaida cha biti 32 hujaa baada ya nyongeza bilioni 4 na ushee, kisha hurudi sifuri, na kompyuta ya leo inafika huko upesi. Kashe ya maeneo ya kumbukumbu iliyokuwa kwenye kila uzi ilitambua uhalali wake kwa kihesabio cha namna hiyo. Kilipojaa, keneli ilitakiwa kufuta kashe za nyuzi zote. Lakini katika toleo la 3.16 liliingia boresho la kuruka kazi hiyo pale mchakato unapokuwa na uzi mmoja tu. Uzi mmoja unaweza kuzaa mwingine dakika inayofuata. Ndiyo CVE-2018-17182, nayo ilitibiwa ndani ya siku mbili baada ya kuripotiwa, kwa kukipanua kihesabio hadi biti 64 na kuifuta kabisa ile njia ya pekee. Mwandishi akikuambia kwamba jambo fulani haliwezi kutokea, mwombe akuonyeshe ni nini kinalizuia.

Madai ya kasi nayo yapimwe. Kiraka kinachoahidi kuharakisha uondoaji wa kurasa bila kutaja mashine, mzigo wa kazi na matokeo kabla na baada ni mbuzi ndani ya gunia. Na hata takwimu zikiwepo, tazama zimepatikana wapi. Majaribio mengi hufanywa kwenye seva zenye mamia ya GB. Keneli hiyo hiyo iko ndani ya simu ya Android ya bei nafuu yenye GB 2, ambayo inajibana kwa kubana data ndani ya zram na kuziua programu nafasi inapokwisha. Badiliko linaloifurahisha seva linaweza kuifanya simu ya mama anayefanya malipo yake ya siku iifunge programu katikati ya muamala. Yeye hatatuma malalamiko kwa mtunzaji yeyote wa keneli. Atadhani simu imezeeka. Kwa hiyo ninakusihi uwe wewe unayeuliza kwa niaba yake: mwombe mwandishi aendeshe jaribio kwenye mashine iliyowekewa ukomo wa kumbukumbu, na aonyeshe takwimu za PSI, zinazoeleza muda ambao kazi zimesimama kusubiri nafasi.

Zana za kunasa kasoro zitumie zote, bila kuziachia hukumu. KASAN hunasa kumbukumbu inayotumika baada ya kuachiliwa, kmemleak huonyesha inayovuja, lockdep hulalamikia mpangilio wa makufuli, KCSAN hutafuta nyuzi zinazogusa data moja bila utaratibu, na syzbot hurusha maombi ya ajabu usiku na mchana. Zote huona njia zilizopitiwa wakati wa jaribio tu. KASAN ikinyamaza ujue haikufika kwenye kosa, au kosa halipo, na huna namna ya kutofautisha hayo mawili bila kusoma.

Unapojibu, taja ulichokisoma. Alama ya Reviewed-by ni kauli yako mbele ya watu kwamba umekipima kiraka chote na hukuona tatizo zito lililobaki. Kuitoa kwa kupendezwa na mwandishi ni kumvika kilemba cha ukoka, na watakaolipa ni wengine kabisa. Kama umeelewa sehemu ya makufuli lakini hukuielewa ya kurasa kubwa, andika hivyo hivyo: “Nimepitia waitaji wote wa fanksheni hii na mpangilio wa makufuli uko sawa. Sehemu ya kurasa kubwa sikuihakiki. Naomba anayeijua aitazame.” Mtunzaji kama Andrew Morton, ambaye viraka vya kumbukumbu hupitia kwake, anaweza kulifanyia kazi jibu la aina hiyo. Na swali lolote ulilojibiwa kwa barua, omba jibu lake liingizwe kwenye maelezo ya kiraka au kwenye msimbo, kwa sababu mhakiki wa kesho hatakuwa na barua zenu.

Limebaki jambo moja ambalo wahakiki wengi hulifikiria baada ya kazi kuisha, wakati lingefaa kufikiriwa mapema. Kiraka cha kurekebisha hitilafu huwekewa alama ya Fixes, ikitaja badiliko lililoleta kasoro, na alama hiyo husaidia kuamua ni matoleo gani ya zamani yanayoendelea kutunzwa yapokee kiraka hicho. Huko nyuma makubaliano yanaweza kuwa mengine: kufuli lenye jina lile lile likawa linalinda vitu vichache zaidi, au fanksheni inayotegemewa ikawa haijaanza kukagua inachokikagua leo. Kiraka kinabandikwa bila mgongano wowote na bado kikawa kibovu. Basi chukua toleo la zamani zaidi litakalopokea kiraka, lifungue, na uanze upya kuwatafuta waitaji wote wa fanksheni hiyo humo.